Kabla ya Kumkabidhi Mzee: Jinsi Nyumba za Matunzo Zinavyokaguliwa England

Katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza, habari za matunzo huingia nyumbani kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi: dada, mjomba au wewe mwenyewe unafanya kea, zamu nzima unaogesha, unalisha na kugeuza kitandani watu wasiojiweza. Ya pili ni uzee wenyewe: mama aliyekuja kuwaona wajukuu akabaki, leo amepata kiharusi, na ofisa ustawi wa hospitali anauliza atakwenda kuishi wapi. Mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Mkaguzi hufika kituoni siku moja au mbili kisha huenda zake. Siku zilizobaki za mwaka, anayeona ni mhudumu aliye zamu na mtoto anayekuja kumtazama mzazi wake. Ukijua kituo kinatakiwa kiweje, na ukajua pa kusemea kisipokuwa hivyo, ukaguzi unakuwa na macho. Usipojua, unabaki kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Nani anasimamia nini

Msimamizi wa England ni Tume ya Ubora wa Matunzo, ambayo kila mtu huiita CQC. Ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2009 chini ya Sheria ya Afya na Matunzo ya Jamii ya mwaka 2008, ikarithi majukumu ya taasisi tatu zilizoitangulia. Mamlaka yake yanaishia England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vyombo vyao vyenye taratibu tofauti, kwa hiyo ushauri wa shangazi aliyeko Glasgow upokee kwa heshima, lakini usiufuate neno kwa neno ikiwa mzee wako yuko Leicester.

Kisheria, kinachosajiliwa ni shughuli. Katika matunzo ya jamii, mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi: kumpa mtu malazi pamoja na matunzo au uuguzi, yaani nyumba ya matunzo, na kumhudumia mtu mwilini akiwa kwake, yaani kumwogesha, kumvisha, kumlisha, kumpeleka chooni. Anayefanya hayo kama biashara bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai. Lakini wapo wengi ambao CQC haiwagusi kabisa, na hapo ndipo familia hupotea. Anayekuja kufagia, kufua na kufuata mahitaji dukani hasajiliwi. Mhudumu ambaye ninyi wenyewe mmemwajiri moja kwa moja, hata kama fedha zimetoka halmashauri, hayumo. Vituo ambako wazee hushinda mchana na kurudi kwao jioni havimo. Na mzee akiwa mpangaji katika nyumba yenye usaidizi, akiwa na mkataba wake wa upangaji, CQC hukagua matunzo ya mwili tu. Nyumba yenyewe haiikagui. Kwa hiyo mtu akikuambia kampuni yake imesajiliwa, muulize imesajiliwa kwa shughuli ipi na kwa anwani ipi, kisha ulitafute jina hilo kwenye tovuti ya CQC ukiwa umekaa mbele yake. Hakuna ubaya wowote katika kufanya hivyo.

Kwenye ukurasa wa kituo utaona pia jina la meneja aliyesajiliwa. Huyu ni mtu anayebeba dhamana kisheria pamoja na mmiliki, na CQC humpima kabla ya kumkubali. Mimi huliangalia jina hilo kabla ya daraja. Nyumba inayobadilisha mameneja kila mara, au iliyokaa muda mrefu pasipo meneja aliyesajiliwa, ina tatizo hata kama mazulia yake ni mapya na maua yamepangwa vizuri mapokezi.

Mzee wako anadai nini kisheria

Viwango vya msingi vimo katika Kanuni za mwaka 2014, na CQC ilianza kuvitumia Aprili 2015. Vinagusa karibu kila saa ya maisha ya anayetunzwa: atunzwe kwa kadiri ya mahitaji yake yeye, aheshimiwe, asifanyiwe jambo bila ridhaa, awe salama, alindwe dhidi ya unyanyasaji, apate chakula na maji ya kutosha, akae mahali safi, malalamiko yake yasikilizwe, wahudumu wawe wa kutosha, wamefunzwa na wamechunguzwa kabla ya kuajiriwa. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 kumeongezwa kanuni ya kutembelewa, baada ya familia nyingi kufungiwa nje wakati wa Uviko-19: nyumba ya matunzo haiwezi kuzuia wageni isipokuwa kuna sababu nzito sana zisizo na njia nyingine.

Viwango viwili kati ya hivyo ninaomba uvikumbuke.

Cha kwanza ni ridhaa. Kwetu kifungua mimba husema, na ndugu wengine hufuata. Hapa, mzee mwenye akili timamu huamua mwenyewe, hata uamuzi ambao watoto hawaupendi. Akiwa hawezi tena kuamua jambo fulani, Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 inataka uamuzi ufanywe kwa maslahi yake, na familia iulizwe. Lakini kuwa mtoto wake peke yake hakukupi mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba yake. Kama mnataka mmoja wenu awe na mamlaka hayo, mzee ayatoe kwa hati maalumu ya uwakala wakati akili yake bado iko sawa. Fanyeni hivyo mapema. Nyumba nyingi za matunzo huheshimu neno la mtoto mwenye hati na kumwuliza maswali mengi asiye nayo, na kisheria hazikosei.

Cha pili ni wajibu wa kusema ukweli. Mzee akipata madhara makubwa kutokana na matunzo, kituo kinatakiwa kuwaambia yeye au familia kilichotokea mara iwezekanapo, kuomba radhi, na kuandika barua. Ukifika ukakuta mama ana bandeji usoni na hakuna aliyekupigia simu, una haki ya kuuliza kwa kutaja wajibu huo, na una haki ya jibu la maandishi.

Siku mkaguzi anapobisha hodi

Nyumba za matunzo kwa kawaida hukaguliwa bila taarifa. Kampuni zinazohudumia watu majumbani hupewa taarifa fupi, ili meneja awepo ofisini na wateja waombwe ridhaa ya kutembelewa. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia, kuona kumbukumbu na kuzungumza na watu faraghani, na kumzuia pasipo sababu ni kosa.

Anatafuta majibu ya maswali matano: je, huduma ni salama, je, inaleta matokeo, je, inatolewa kwa upole na kujali, je, inaitikia mahitaji ya kila mtu, je, inaongozwa vizuri? Mwishoni mwa 2023 maswali hayo yaligawanywa katika kauli 34 za ubora zilizopewa alama. Mfumo huo ulikosolewa vikali na CQC ikaanza kuurekebisha, lakini maswali matano yenyewe ndiyo uti wa mgongo wa kazi yake tangu 2014.

Watu wengi hudhani mkaguzi huja kusoma mafaili, na ni kweli husoma mengi: chati za dawa, ratiba za zamu, kumbukumbu za kuanguka, mafunzo ya wahudumu, uchunguzi wa rekodi za jinai. Ila sehemu ninayoithamini zaidi haina karatasi. Mkaguzi huweza kukaa kona ya sebule au ukumbi wa chakula, akatazama kwa muda jinsi wahudumu wanavyohusiana na watu wasioweza kuongea. Nani ameinama kuzungumza na bibi kwa usawa wa macho, nani amesukuma kiti chake bila neno, nani ameachwa mbele ya sahani ikapoa. Ni utaratibu rasmi ulioandaliwa kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa kusahau, na wewe pia unaweza kuufanya kwa macho yako bila kuomba kibali cha mtu. Mara nyingi mkaguzi hufuatana na mtu wa kawaida ambaye mwenyewe ametunzwa au amemtunza ndugu yake, ambaye kazi yake ni kuzungumza na wakazi na familia. Ukipigiwa simu na mtu wa namna hiyo, zungumza naye. Familia zetu hukata simu hizo kwa kudhani ni matangazo, au hujibu "tunashukuru, kila kitu sawa" kwa adabu. Adabu hiyo haimsaidii mzee.

Rasimu ya ripoti hupelekwa kwanza kwa kituo, ambacho kina siku 10 za kazi kusahihisha makosa ya ukweli. Kisha ripoti huchapishwa kwenye tovuti kwa yeyote kuisoma, na kituo hulazimika kubandika daraja lake mahali linapoonekana na kuliweka kwenye tovuti yake kama kinayo.

Daraja na mipaka yake

Madaraja ni manne. La juu huonyeshwa kwa nyota ya kijani, daraja la nzuri kwa duara la kijani, linalohitaji kuboreshwa kwa rangi ya chungwa, na lisilotosheleza kwa nyekundu. Kila swali kati ya yale matano hupewa daraja lake, kisha hutolewa daraja la jumla. Nakusihi usiishie kwenye la jumla.

Sababu yake ina historia. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, ikitunza watu wenye ulemavu wa akili. Muuguzi mwandamizi aitwaye Terry Bryan aliona wagonjwa wakiteswa na wahudumu. Akawaandikia wakubwa wake, kisha akaiarifu CQC, zaidi ya mara moja. Hakufuatiliwa. Mwishowe alikwenda kwa BBC, na mwandishi wao akaingia kufanya kazi pale akiwa na kamera iliyofichwa. Kipindi cha Panorama kilirushwa Mei 2011. Nchi nzima ikaona watu wakipigwa, wakiburutwa na kumwagiwa maji. Hospitali ikafungwa, CQC ikakiri kwamba ilipaswa kumsikiliza, na Oktoba 2012 watumishi 11 wakahukumiwa, sita kati yao wakaenda jela.

Ungetarajia jambo hilo lisijirudie. Mei 2019 Panorama hiyohiyo ilionyesha unyanyasaji wa namna hiyo Whorlton Hall, katika kaunti ya Durham. Wakati kamera inarekodi, mahali pale palikuwa na daraja la nzuri kutoka CQC.

Na mwaka 2024, Daktari Penny Dash, aliyetumwa na serikali kuichunguza CQC yenyewe, alikuta ukaguzi umepungua sana kuliko kabla ya Uviko-19, na takriban moja ya tano ya sehemu inazoweza kukagua hazijawahi kupewa daraja lolote. Waziri wa Afya, Wes Streeting, alitamka hadharani kwamba chombo hicho hakifai kwa kazi yake. Sikuelezi haya ili uidharau CQC. Wakaguzi wake wengi ni watu makini, na England bila wao ingekuwa mbaya zaidi. Nakueleza ili ujue kwamba duara la kijani linaweza kuwa la miaka mingi iliyopita, chini ya meneja aliyekwisha kuondoka, likawahusu wahudumu ambao hawapo tena.

Kwa hiyo, ukifungua ripoti, anza na tarehe. Ikiwa imepita miaka mitatu au zaidi, ichukulie kuwa historia. Kisha nenda kwenye usalama na uongozi, kwa sababu nyumba inapoanza kuharibika, ufa huonekana hapo kwanza. Fungua na ripoti zilizotangulia: nyumba iliyotoka kwenye nyekundu ikapanda hadi nzuri chini ya meneja yuleyule mara nyingi ina watu waliojifunza, wakati nyumba iliyoshuka mara mbili mfululizo inakuambia inakoelekea. Tafuta maneno kuhusu dawa, idadi ya wahudumu usiku, na wahudumu wa muda kutoka mawakala. Kituo ambacho hakina daraja kwa kuwa ni kipya si kibaya kwa hilo, lakini kazi yote ya kupima inakuangukia wewe.

Nenda ukaone mwenyewe

Nenda mara ya kwanza kwa miadi, mara ya pili bila miadi. Chagua saa ya chakula, au Jumapili jioni, wakati ofisi imefungwa na wahudumu ni wachache. Tazama kama kikombe cha maji kiko karibu na mkono wa mtu, au kiko mezani asikofika. Tazama kama kamba ya kengele iko karibu na kitanda, kisha sikiliza kengele inalia muda gani kabla mtu hajaitikia. Uliza usiku kuna wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi, na uliza mhudumu, siyo meneja pekee.

Kwa wazee wetu yapo ya kuongeza. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kupoteza Kiingereza alichojifunza ukubwani, akabaki na lugha ya utotoni. Bibi anayeitwa msumbufu kwa kuwa anapiga kelele usiku huenda anaomba maji kwa Kiswahili na hakuna anayemwelewa. Waandikie wahudumu maneno kumi ya Kiswahili: maji, choo, maumivu, baridi, njaa, na mengine anayoyatumia sana. Chakula halali, saa za sala, kuhudumiwa na mwanamke mwenzake wakati wa kuoga, kufunikwa kichwa, yote hayo usiyaombe kama fadhila. Yanaingia katika kanuni ya kumtunza mtu kwa kadiri ya mahitaji yake na kanuni ya heshima. Yaandikwe kwenye mpango wake wa matunzo, nawe uombe kuuona. Kilichoandikwa ndicho mkaguzi atakachouliza kama kinatekelezwa.

Jambo likiharibika

Kwa hatari ya papo hapo, piga 999. Ukishuku kupigwa, kuibiwa, kutelekezwa au kunyanyaswa kwa namna yoyote, pigia simu halmashauri uombe kitengo cha ulinzi wa watu wazima. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri ichunguze.

Kwa mengine, peleka malalamiko kwa maandishi kituoni kwenyewe. Andika tarehe, saa, ulichokiona, uliyemwambia. Usiandike "hamna heshima". Andika "tarehe 4, saa 8 mchana, nilimkuta mama amelowa, na mhudumu alisema hajabadilishwa tangu asubuhi". Kituo kisipokuridhisha, Msuluhishi wa Malalamiko ya Serikali za Mitaa na Matunzo ya Jamii husikiliza bure, hata kwa mzee anayejilipia mwenyewe, lakini usichelewe: kwa kawaida anataka malalamiko ndani ya miezi 12 tangu ulipojua jambo hilo.

CQC yenyewe haisuluhishi malalamiko ya mtu mmoja mmoja, na wengi huvunjika moyo wakilisikia hilo. Waarifu CQC hata hivyo. Taarifa yako huwekwa kwenye faili la kituo, na taarifa kadhaa kuhusu sehemu moja zinaweza kuharakisha ukaguzi. Wakikuta makosa, wanaweza kutoa onyo la kisheria, kuzuia kituo kupokea wakazi wapya, kushtaki, au kufuta usajili. Na palipo na hatari kubwa kwa maisha wanaweza kwenda kwa hakimu kuomba amri ya haraka.

Kwako wewe unayefanya kazi hii

Wewe ndiye unayejua kama ile chati ya kugeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili inajazwa kwa wakati, au yote kwa mpigo alfajiri. Sheria ya mwaka 1998 ya kufichua maovu kwa maslahi ya umma inakulinda usifukuzwe wala kuonewa kwa sababu ya kusema, na CQC ni mojawapo ya vyombo ambavyo sheria inatambua unaweza kuvieleza. Unaweza kusema bila kutaja jina lako, ingawa ukilitaja ni rahisi kukufuatilia kwa maswali.

Ninajua hofu iliyopo, na ni ya kweli. Wengi wako England kwa udhamini wa mwajiri. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mwajiri wa England anayedhamini wahudumu kutoka nje lazima awe amesajiliwa na CQC, na tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo imefungwa. Kwa aliyekwisha kuwa ndani, kituo kikifungiwa au mwajiri akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida hupewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine. Waajiri wabaya wanalijua hilo na hulitumia. Kwa hiyo usiende peke yako. Jiunge na chama cha wafanyakazi kama UNISON kabla ya tatizo kutokea, weka nakala ya mkataba na hati zako za mshahara nyumbani, na pata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujiuzulu. Lakini usinyamaze kabisa. Mtu aliye kitandani hana chama wala mwanasheria, na ikiwa wewe uliyemwona hukusema, huenda hakuna atakayesema.

Mkaguzi akikuita chumbani akakuuliza, sema uliyoyaona mwenyewe, usiseme uliyofundishwa kusema. Namba ya CQC ni 03000 616161, na tovuti yao ina fomu unayoweza kujaza saa yoyote. Kuwa tayari na jina kamili la kituo, anwani, tarehe na ulichokishuhudia. Ikiwa Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mara tu simu inapopokelewa.